Sitiari ya "Cuba ya Afrika": Majina ya Zanzibar na Matukio ya Dunia katika Mwaka 1964

IKISIRI

Makala haya yanachunguza uhusiano wa Zanzibar na matukio ya dunia katika mwaka 1964, mwaka ambao visiwa hivyo viliupindua ufalme, vikawa jamhuri na kuingia katika muungano kabla haujafika mwezi wa tano. Uchunguzi unaongozwa na majina: yale ambayo dunia iliipa Zanzibar, na yale ambayo Zanzibar ilijipa yenyewe kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba sitiari ya "Cuba ya Afrika", iliyoenea katika magazeti na barua za kibalozi za nchi za Magharibi, haikuwa pambo la lugha tu, bali ilikuwa njia ya kufikiri iliyoongoza vitendo na kuficha mambo ambayo wenyeji waliyajua. Aidha, inaonyeshwa kuwa msamiati wa Kiswahili wa kipindi hicho, hususan maneno mapinduzi, utambuzi na muungano, unabeba ndani ya maumbo yake maswali ambayo wanahistoria wanaendelea kuyajadili.

1.0 UTANGULIZI

Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 16 ya mwezi huo ikapokewa katika Umoja wa Mataifa pamoja na Kenya. Tarehe 26 Aprili 1964 iliungana na Tanganyika, na kiti chake cha peke yake katika Umoja huo kikakoma. Hivyo kiti hicho kilidumu kwa siku 132. Katika siku hizo chache nchi hiyo ilikuwa na serikali mbili zilizopingana kwa kila hali: ya Sultani Jamshid bin Abdullah na Waziri Mkuu Muhammad Shamte, iliyodumu kwa siku 33 baada ya uhuru, na ya Sheikh Abeid Amani Karume, iliyotokana na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Visiwa vya Unguja na Pemba havifiki kilometa za mraba 2,700 kwa pamoja, na wakazi wake, kwa hesabu ya watu ya mwaka 1958, walikuwa takriban 300,000. Ni vigumu kueleza kwa ukubwa huo peke yake kwa nini nchi kama hiyo ilijadiliwa na wakuu wa Washington, London, Bonn, Berlin Mashariki na Beijing kwa wakati mmoja. Jibu lililozoeleka ni Vita Baridi: mataifa makubwa yaligombana, na kisiwa kidogo kikawa uwanja. Methali ya kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia hutajwa mara nyingi katika mjadala huu.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, huwafanya Wazanzibari kuwa nyasi, yaani vitu vya kukanyagwa, visivyo na nia wala maneno. Pili, halielezi ni kwa njia gani mgogoro wa mbali uligeuka kuwa uamuzi juu ya mahali mahususi. Makala haya yanapendekeza kuwa lugha ilikuwa mojawapo ya njia hizo. Kabla ya kuamua la kutenda, wakubwa wa dunia walilazimika kwanza kusema Zanzibar ni nini. Na walipokosa jina la kuieleza, waliazima jina la kisiwa kingine.

2.0 ZANZIBAR NA DUNIA KABLA YA JANUARI 1964

Yafaa kwanza kuondoa dhana kwamba Mapinduzi ndiyo yaliyoileta dunia Zanzibar. Visiwa hivyo vilikuwa vimefungamana na masoko na siasa za mbali kwa muda mrefu. Mche wa mkarafuu uliletwa kutoka visiwa vya Maskarini mwanzoni mwa karne ya 19, na kabla karne hiyo haijaisha karafuu ilikuwa tegemeo la uchumi. Maisha ya mchumaji wa Pemba yalitegemea bei iliyoamuliwa na wanunuzi wa ng'ambo, wakiwemo wa India na wale wa Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku kutengenezea sigara.

Katika miaka ya mwisho ya ukoloni uhusiano huo ulipata sura mpya. Marekani ilijenga kisiwani Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya angani, katika mpango wake uliojulikana kwa jina la Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Zanzibar kilikuwa mojawapo ya vituo vilivyowasiliana naye alipopita juu ya Afrika, baada ya kile cha Kano. Wapo wenyeji waliokipinga kituo hicho kwa maandamano, wakihofu kuwa kingevivuta visiwa vyao katika vita visivyowahusu.

Kwa upande mwingine, vijana wa Kizanzibari walikwisha kwenda kusoma Misri, China, Ulaya ya Mashariki na Cuba. Chama cha ZNP, ambacho wenyeji walikiita Hizbu, kilikuwa na ofisi mjini Havana, na Salim Ahmed Salim alifanya kazi huko akiwa bado kijana mdogo. Abdulrahman Muhammad Babu alikuwa katibu mkuu wa chama hichohicho kabla ya kujitoa na kuunda chama cha Umma mwaka 1963. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba China ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Zanzibar mnamo Desemba 1963, yaani ilipokuwa bado chini ya Sultani.

Ukweli huu una uzito katika hoja ya makala haya. Ikiwa uhusiano wa kibalozi na China uliweza kukubaliwa na serikali ya Sultani, na ikiwa ofisi ya Havana ilifunguliwa na chama ambacho baadaye kiliingia katika serikali iliyopinduliwa, basi uhusiano na nchi za kikomunisti haukuwa alama ya kutosha ya kumtambulisha nani ni nani katika siasa za Zanzibar. Lakini ndiyo alama ambayo wageni waliisoma kuliko zote.

3.0 MAPINDUZI NA KUZALIWA KWA SITIARI

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 vituo vya polisi vya mjini Unguja vilivamiwa, silaha zikatwaliwa, na kabla siku haijaisha serikali ilikuwa imeanguka. Sultani aliondoka kwa merikebu. Sauti iliyosikika redioni ilikuwa ya John Okello, mzaliwa wa Uganda, aliyejiita Jemadari Mkuu. Karume akawa Rais, Abdulla Kassim Hanga akashika wadhifa wa pili, na Babu akapewa mambo ya nje.

Sababu za ndani zinajulikana. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa na masuala ya ardhi, kazi, elimu na kumbukumbu ya utumwa, pamoja na chuki ya kikabila iliyochochewa na magazeti na majukwaa ya vyama vya pande zote wakati wa siasa za miaka ya 1957 hadi 1963. Mapinduzi yalifuatiwa na mauaji. Watu wengi, hasa wenye asili ya Kiarabu, waliuawa, na wengine wengi walifungwa au kukimbia. Idadi ya waliokufa haijaafikiwa hadi leo, na hesabu zinazotolewa zinatofautiana sana.

Manowari ya Marekani, Manley, iliwachukua raia wa nchi hiyo mara baada ya tukio hilo. Waandishi wa habari wa Magharibi walipowaona vijana waliovaa sare na kufuga ndevu kwa mtindo wa wapiganaji wa Fidel Castro, baadhi yao waliripoti kuwa Wacuba wamo kisiwani. Waliowaona walikuwa Wazanzibari, wengi wao wafuasi wa chama cha Umma waliopata mafunzo Cuba na waliojulikana mitaani kwa jina la makomredi. Neno hilo lilikuwa limekwisha kupokea kiambishi cha ngeli na kuzoea midomo ya watu wa Unguja. Walichokiona wageni kuwa ni kitu cha kigeni kilikuwa kimekwisha kufanywa cha kienyeji. Hata hivyo, ripoti zilisambaa, na jina likashika: Zanzibar ilikuwa "Cuba ya Afrika".

4.0 UCHAMBUZI WA SITIARI

Sitiari huhamisha sifa za kitu kimoja na kukipa kingine bila ya kutumia neno la kulinganisha. Nguvu yake iko katika mambo mawili: yale inayoyamulika na yale inayoyatia kivulini. Kwa hiyo, kuichambua sitiari ya "Cuba ya Afrika" ni kuuliza ni sifa zipi zilizohamishwa, na ni zipi zilizoachwa.

Kilichohamishwa kwanza ni jiografia. Cuba ni kisiwa kilicho karibu na bara. Zanzibar nayo ni visiwa vilivyo karibu na bara. Lakini bara lililo jirani na Cuba ni Marekani yenyewe, ambayo ndiyo iliyojiona imetishwa. Bara lililo jirani na Zanzibar ni Tanganyika, ambayo chama chake cha TANU kilikuwa rafiki wa miaka mingi wa Afro-Shirazi. Sitiari iliiweka Tanganyika mahali pa Marekani, na kuihesabu kuwa yenye hofu hata kabla haijasema lolote. Aidha, Cuba ni kubwa kuliko Zanzibar kwa zaidi ya mara arubaini.

Cha pili kilichohamishwa ni mfuatano wa matukio. Mapinduzi ya Cuba yalishinda mwaka 1959. Mwaka 1961 ulikuja uvamizi ulioshindwa wa Ghuba ya Nguruwe. Oktoba 1962 ukazuka mgogoro wa makombora uliokaribia kuiingiza dunia katika vita vya nyuklia. Aliyeisema Zanzibar kwa jina la Cuba mwezi Januari 1964 alikuwa anakumbuka mambo ya miezi kumi na mitano tu iliyopita. Jina lilibeba hadithi nzima, pamoja na mwisho wake. Ndiyo maana Waingereza walitayarisha, na kwa miezi kadhaa wakaendelea kurekebisha, mipango ya kijeshi ya kuingilia kati, ingawa haikutekelezwa.

Kilichotiwa kivulini ni kikubwa zaidi. Sitiari haikuwa na nafasi kwa Okello, ambaye hakuwa mkomunisti na ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1967, Revolution in Zanzibar, anaeleza kazi yake kwa lugha ya ndoto na maagizo ya Mwenyezi Mungu. Haikuwa na nafasi kwa mkulima wa kijungujiko aliyetaka eka za kulima. Wala haikuwa na nafasi kwa waliouawa, kwani katika hadithi ya Vita Baridi wao hawakuwa upande wowote. Mwaka huohuo wa 1967 William Attwood, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Nairobi, alichapisha kumbukumbu zake kwa jina la The Reds and the Blacks. Majina ya vitabu hivi viwili yakiwekwa bega kwa bega yanaonyesha umbali uliokuwepo: kimoja kinataja mahali, kingine kinataja rangi, tena rangi ya kwanza ni ya itikadi.

Fasihi ya Kiswahili iliuona mwaka huo kwa jicho jingine. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi, Mapinduzi yanatazamwa kutoka shambani na jikoni, kwa watumishi wa mwinyi. Msomaji anaweza kubishana na msimamo wa riwaya hiyo, lakini hawezi kusema kuwa chanzo cha mgogoro ndani yake kiko Havana.

5.0 ZUMARI LA UNGUJA

Usemi wa kale wa pwani wasema kuwa zumari likipigwa Unguja, watu hucheza hadi Maziwa Makuu. Usemi huo ulitungwa kwa enzi ya misafara ya biashara, lakini mwezi Januari 1964 ulipata maana mpya. Tarehe 20 askari wa kambi ya Colito, karibu na Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tarehe 23 yakafuata maasi ya Jinja nchini Uganda, na tarehe 24 ya Lanet nchini Kenya. Siku chache kabla ya maasi ya Colito, Mwalimu Nyerere alikuwa amepeleka Zanzibar askari polisi wapatao 300 kusaidia kutunza amani, jambo lililopunguza nguvu za usalama mjini Dar es Salaam. Tarehe 25 wanamaji wa Kiingereza waliteremka kutoka manowari Centaur na kuyazima maasi ya Tanganyika.

Waliokwisha kuiamini sitiari waliona katika siku hizo tano uthibitisho wa njama moja. Madai ya askari wenyewe hayakuhitaji maelezo hayo: jeshi lilikuwa la kikoloni katika nchi iliyokwisha kuwa huru, na askari walitaka matunda ya uhuru huo. Funzo ambalo Nyerere alilipata lilikuwa chungu kwa namna nyingine. Rais wa nchi huru alikuwa amelazimika kumwita mtawala wa jana amlinde. Mwezi Februari Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulikutana kwa dharura Dar es Salaam, na baadaye kikosi kutoka Nigeria kikachukua nafasi ya Waingereza. Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, aliyekuwa katika ziara ya Afrika, hakufika Afrika ya Mashariki kama ilivyokusudiwa; Tanzania aliitembelea Juni 1965.

6.0 UTAMBUZI NA UJERUMANI MBILI

Kitenzi tambua katika Kiswahili kina maana ya kukijua kitu kwa alama zake, na pia kukikubali kuwa ndicho. Diplomasia ya mwaka 1964 ilizitenganisha maana hizi mbili. Uingereza na Marekani zilidai kuyajua Mapinduzi tangu siku ya kwanza, hata zikayapa jina. Lakini zilikawia kuitambua serikali yake. Mwezi Februari serikali ya Zanzibar iliwaamuru maofisa wa kibalozi wa nchi hizo mbili waondoke, kwa hoja kwamba nchi zisizoitambua serikali haziwezi kuwa na wawakilishi kwake. Tarehe 23 Februari utambuzi ulitolewa.

Wakati Magharibi ikisita, Ujerumani Mashariki haikusita. Yenyewe ilikuwa nchi inayotafuta kutambuliwa. Tangu mwaka 1955 Ujerumani Magharibi ilishika sera iliyojulikana kwa jina la Hallstein, ya kuvunja uhusiano na nchi yoyote itakayoikubali Ujerumani Mashariki kuwa dola. Sera hiyo ilitumika dhidi ya Yugoslavia mwaka 1957 na dhidi ya Cuba Januari 1963. Zanzibar ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuipa Ujerumani Mashariki uhusiano kamili wa kibalozi. Hapa, na hapa tu, ulinganisho wa Cuba na Zanzibar ulikuwa sahihi kabisa. Lakini ulihusu kitendo cha hiari cha Wazanzibari, waliokuwa na kitu ambacho nchi kubwa kuliko wao ilikihitaji. Aliyekuwa akisubiri kutambuliwa na wakubwa aligundua kuwa naye anaweza kutambua.

Malipo yalionekana kwa macho. Wajerumani hao walisaidia ujenzi wa nyumba za ghorofa Kikwajuni, ulioanza mwaka huohuo. Majina nayo yalifuata: hospitali ya Mnazi Mmoja ilikuja kuitwa kwa jina la V. I. Lenin. Mwezi Aprili serikali iliamuru kituo cha Mercury kiondolewe, na Wamarekani wakakifunga. Kile ambacho maandamano hayakuweza kukipata chini ya ukoloni kilipatikana kwa amri moja ya jamhuri.

Nchi ilijiita Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, neno watu lilitoa jibu kwa karne ya utawala wa masultani: nchi ni ya watu, si ya mtu. Kwa msomaji wa Washington, neno hilohilo lilirejelea Beijing. Maana zote mbili zilikuwemo, na huenda Babu na wenzake walizikusudia zote mbili.

7.0 MUUNGANO NA UMBO LA KITENZI

Tarehe 22 Aprili 1964 Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano mjini Zanzibar. Babu alikuwa safarini Asia. Tarehe 26 Aprili Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ikazaliwa, mambo kumi na moja yakiwa chini ya mamlaka ya pamoja, ya nje yakiwemo.

Sababu za Muungano zimejadiliwa sana. Wapo wanaoutazama kuwa ni tunda la itikadi ya umoja wa Afrika na udugu wa TANU na Afro-Shirazi. Wapo wanaouona kuwa ni zao la shinikizo la Magharibi la kumdhibiti Babu na wenzake. Wengine, akiwemo Issa Shivji katika kitabu chake cha mwaka 2008, Pan-Africanism or Pragmatism?, wamechunguza kwa kina uhalali wa taratibu zilizofuatwa na mvutano kati ya itikadi na mahitaji ya siku ile. Harith Ghassany, katika Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! (2010), ameukusanya kwa Kiswahili ushahidi wa simulizi unaoyarudisha maswali hayo nyuma hadi kwenye Mapinduzi yenyewe na mchango wa watu wa Tanganyika ndani yake. Nyaraka za kibalozi zilizofunguliwa zinaonyesha wazi kuwa Marekani na Uingereza zilitamani Zanzibar ifungwe karibu na bara, na kwamba ziliufurahia Muungano. Kutamani na kufurahia, hata hivyo, si sawa na kutenda. Na viongozi wawili wa Kiafrika walikuwa na sababu zao wenyewe, kila mmoja akiwa ameonja udhaifu wa dola yake mwezi Januari.

Kiswahili kinauweka mjadala huu mzima katika viambishi. Nomino muungano hutokana na kitenzi ungana, chenye kiambishi cha kutendana: wawili hutenda, na kila mmoja humtendea mwenzake. Laiti tendo lingekuwa la mtu wa tatu, kitenzi kingekuwa unganishwa, na tokeo lake lisingestahiki kuitwa muungano. Jina rasmi la nchi, basi, ni dai la kisarufi kabla ya kuwa dai la kisiasa. Anayesema kuwa Zanzibar na Tanganyika "ziliunganishwa" anabadilisha silabi chache tu, lakini amelikana jina la dola.

Neno mapinduzi nalo lina mambo yake. Huweza kumaanisha badiliko la kijamii linalogeuza uhusiano wa matabaka, na huweza kumaanisha kuondolewa kwa serikali kwa nguvu tu. Kitenzi pindua husema kilichokuwa juu kimekuwa chini. Hakisemi ni nani aliyekigeuza wala kwa faida ya nani. Mabishano ya kama tukio la Januari lilikuwa la kwanza au la pili ni magumu kuyaanza kwa Kiswahili, kwa sababu pande zote mbili hutumia neno moja.

Tarehe 29 Oktoba 1964 jina Tanzania lilitangazwa. Tanganyika iliacha ndani yake silabi ya kwanza, na Zanzibar ikaacha herufi tatu za mwanzo wake. Katika muda usiofika miezi kumi visiwa vilikuwa vimepita kutoka ufalme hadi sehemu ya jina la dola kubwa zaidi.

8.0 KISIWA KINACHOSEMA

Ingekuwa kosa kumaliza kwa kudhani kuwa Muungano uliinyamazisha Zanzibar duniani. Salim Ahmed Salim aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 22. Katika mkutano wa wakuu wa OAU uliofanyika Cairo mwezi Julai, Babu alikutana na Malcolm X, aliyekuwa amekwenda kuwaomba viongozi wa Afrika waipeleke kesi ya Waamerika Weusi katika Umoja wa Mataifa. Malcolm X alifika Dar es Salaam mwezi Oktoba, na tarehe 13 Desemba 1964 Babu alihutubia pamoja naye katika ukumbi wa Audubon mjini New York. Siku mbili kabla yake Che Guevara alikuwa amehutubia Umoja wa Mataifa katika jiji hilohilo. Mzanzibari ambaye magazeti yalimwona kuwa mwigaji wa Cuba alialikwa kuzungumza na Waamerika Weusi juu ya mambo yao, kwa kuwa alikuwa na la kuwaambia.

Tukio la mwisho ni la Januari 1965, lakini ni mwangwi wa mwaka unaojadiliwa. Wanadiplomasia wawili wa Marekani, Frank Carlucci wa Zanzibar na Robert Gordon wa Dar es Salaam, walifukuzwa nchini kwa tuhuma za njama, baada ya mazungumzo yao ya simu kusikilizwa. Kwa maelezo ya Wamarekani wenyewe, walikuwa wakijadili namna ya kuishawishi Washington ipeleke salamu katika kumbukumbu ya Mapinduzi, na neno la risasi walilolitumia lilikusudiwa kuwa sitiari ya hoja. Waliosikiliza walilichukua neno kwa maana yake ya msingi. Mwaka mmoja kabla, Wamarekani walikuwa wameichukua sitiari kuwa ni ukweli wa Zanzibar. Sasa Zanzibar iliichukua sitiari ya Wamarekani kuwa ni ukweli. Suala la Ujerumani nalo lilimalizika mwaka huo wa 1965 kwa gharama: Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na konseli kuu Dar es Salaam, Ujerumani Magharibi ikaondoa misaada yake ya kijeshi, na Nyerere akaikataa iliyobakia.

9.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa uhusiano wa nchi ndogo na matukio ya dunia hauelezeki kwa hesabu ya nguvu peke yake. Zanzibar ya mwaka 1964 ilikuwa imefungamana na dunia kabla ya Mapinduzi, na baada yake ilizifungua baadhi ya kamba na kuzifunga nyingine kwa mkono wake. Sitiari ya "Cuba ya Afrika" ilikuwa na chembe ya ukweli kuhusu vijana wachache na kitendo kimoja cha utambuzi. Ilikuwa na upotofu mkubwa kuhusu kura, ardhi, kabila na vifo, yaani kuhusu yale yaliyowagusa Wazanzibari walio wengi. Kwa kuwa iliaminiwa, iliwasogeza watu kutenda. Na kwa kuwa ilitungwa na wengine, haikuwauliza wenyeji.

Kuna wajibu hapa kwa wanafunzi wa Kiswahili. Sehemu kubwa ya historia ya mwaka huo imeandikwa kutokana na nyaraka za London na Washington, ambamo jina la kuazima limekwisha kupenya hata katika maswali yanayoulizwa. Hotuba za redio, magazeti ya vyama, mashairi na maneno ya mitaani ya wakati ule ni nyaraka pia, na huhitaji msomaji anayejua tofauti ya kuungana na kuunganishwa. Hadi kazi hiyo itakapofanywa kwa ukamilifu, nchi hiyo itaendelea kusomwa kwa jina la kisiwa kingine, na wale waliokufa katika mwezi wake wa kwanza wataendelea kukosa mahali katika sentensi.